João Saldanha

João Saldanha (3 Julai 1917 – 12 Julai 1990) alikuwa kocha wa soka, mwandishi wa habari na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Brazil. Alizaliwa Alegrete, jimbo la Rio Grande do Sul. Ujasiri wake ulimpa lakabu ya João Asiye na Woga.

Mwaka 1957 aliiongoza Botafogo, yenye Garrincha, Didi na Nilton Santos, kutwaa ubingwa wa Rio de Janeiro. Mechi ya mwisho waliichapa Fluminense 6-2, na mabao matano yalifungwa na mtu mmoja, Paulo Valentim.

Mwaka 1969, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, alikabidhiwa timu ya taifa. Lilikuwa jambo la ajabu: mkomunisti asiyeficha msimamo wake kupewa kipenzi cha taifa zima. Alishinda mechi zote sita za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Colombia, Venezuela na Paraguay. Rais Emílio Médici alipotaka mshambuliaji Dario aitwe kikosini, Saldanha alijibu kwamba yeye hamchagulii rais mawaziri, basi rais naye asimchagulie wachezaji. Machi 1970 alifutwa kazi. Ugomvi wake na watu wa soka, pamoja na mashaka aliyoyaonyesha juu ya Pelé, navyo vilimponza.

Mário Zagallo aliipokea timu na kutwaa kombe nchini Mexico, lakini sehemu kubwa ya kikosi hicho iliundwa na Saldanha. Alifariki Roma, alikokwenda kutangaza Kombe la Dunia la 1990.