Mafao yanayohamishika

Mafao yanayohamishika ni mafao ya kazi, kama vile pensheni, bima ya afya, likizo yenye malipo na fidia ya ajali, ambayo huandikwa kwa jina la mfanyakazi na kumfuata anapobadili kazi, badala ya kumtegemea mwajiri mmoja. Hujadiliwa hasa kuhusu watu wanaopata kazi moja moja kupitia programu za simu, kama madereva wa teksi, waendesha bodaboda na wapeleka vyakula.

Chanzo cha tatizo

Katika nchi nyingi mafao hufungamana na mkataba wa ajira: mwajiri hukata sehemu ya mshahara, huongeza mchango wake na kuupeleka kwenye mfuko. Makampuni ya programu kwa kawaida huwahesabu madereva kuwa watu waliojiajiri, hivyo hayabebi wajibu huo. Tena dereva mmoja anaweza kutumia programu mbili au tatu kwa siku. Akivunjika mguu safarini, hulipia matibabu mwenyewe na hukosa kipato hadi apone.

Utaratibu

Mpango kamili una sehemu mbili: akaunti moja ya mfanyakazi, na michango ya wote wanaotumia kazi yake. Kwa mfano, kama kiwango kingekuwa 4%, dereva aliyepata shilingi 30,000 kupitia kampuni moja na 20,000 kupitia nyingine angewekewa 1,200 na 800, yaani jumla 2,000 katika akaunti ileile.

Wazo hili lilitangulia simu za mkononi. Nchini Marekani, mafundi ujenzi na waigizaji wamekuwa na mifuko ya pamoja inayochangiwa na waajiri wengi. Sheria ya mwaka 1947 iliweka masharti ya kuiendesha.

Mifano

Marekani: Katika jimbo la New York, Black Car Fund ilianzishwa kwa sheria mwaka 1999. Abiria hulipa tozo juu ya nauli, na fedha hizo hugharamia fidia ya madereva wanaoumia kazini. Huko California, wapiga kura walipitisha Pendekezo la 22 mwaka 2020. Linatoa ruzuku ya bima ya afya kwa dereva aliyefikisha wastani wa saa 15 kwa wiki katika kampuni moja. Saa huhesabiwa tangu kukubali safari hadi kuimaliza. Hivyo anayefanya saa 12 katika kampuni moja na 12 katika nyingine hapati ruzuku kokote, ingawa amefanya saa 24. Mafao hayo hayahamishiki.

Uhindi: Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2020 inayataka makampuni ya programu kuchangia kati ya 1% na 2% ya mapato yao ya mwaka. Mwaka 2021 serikali ilifungua daftari la e-Shram, ambalo humpa kila mfanyakazi namba yake ya kudumu.

Singapuri: Tangu tarehe 1 Januari 2025, makampuni na wafanyakazi wa programu waliozaliwa mwaka 1995 au baadaye lazima wachangie mfuko wa taifa wa akiba. Waliozaliwa kabla ya hapo huchagua wenyewe. Bima ya ajali kazini inawahusu wote.

Afrika Mashariki: Mpango wa Mbao ulianza Kenya mwaka 2011 kwa watu wa sekta ya jua kali, jina lake linatokana na akiba ya shilingi 20 kwa siku. Rwanda ilizindua Ejo Heza mwaka 2018. Katika mipango hii akaunti ni ya mtu mwenyewe, lakini kuchangia ni hiari na kampuni ya programu hailazimiki kuongeza chochote.

Mjadala

Watetezi husema mpango huu humpa mfanyakazi kinga bila kumwondolea uhuru wa kupanga saa zake. Vyama vingi vya wafanyakazi vina hofu kwamba makampuni yataukubali ili kukwepa ajira rasmi, ambayo huleta pia kima cha chini cha mshahara na haki ya kujadiliana kwa pamoja. Suala kubwa linabaki kuwa nani achangie. Akaunti inayohama bila mchango wa wanaofaidika na kazi ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe tu, nayo hupungua hasa wakati kipato chake kinapopungua.