Uhandisi wa kemikali: viwanda vilitangulia, shahada ikafuata

Hapa tumezoea kuzungumza habari za programu, seva na simu. Leo naomba tuvuke barabara, twende kuwatembelea majirani zetu wahandisi wa kemikali.

Sababu ni hii. Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, hapa Dagoretti hakosekani kijana wa kuniuliza achague kozi gani chuo kikuu. Kwa wale waliofanya vizuri hesabu na kemia, uhandisi wa kemikali huwa kwenye orodha. Wengi hudhani ni kemia ya kidato cha nne iliyorefushwa kwa miaka mitano. Mzazi naye ana swali lake moja tu: hicho kiwanda utakachoajiriwa kiko wapi?

Swali la mzazi ni zito kuliko linavyosikika. Kulijibu kunahitaji historia kidogo, kwa sababu hapa Kenya mambo yalikwenda kinyume. Viwanda vilikuja kwanza, shahada ikaja nyuma, na shahada ilipoanza kukomaa baadhi ya viwanda vikubwa vikafunga milango. Je, shahada hiyo imebaki na kazi gani? Twende polepole.

Ilianzia kwenye magadi

Katika karne ya 19, Uingereza ilikuwa ikitengeneza magadi ya viwandani kwa wingi kutokana na chumvi ya kawaida, kwa njia iliyoitwa Leblanc. Magadi hayo yalihitajika kwa vioo, sabuni na nguo. Tatizo ni kwamba viwanda vilitoa gesi ya asidi hidrokloriki iliyounguza mashamba na miti ya majirani. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuvilazimisha viwanda kunasa asilimia 95 ya gesi hiyo, na serikali ikaajiri wakaguzi.

Mmoja wa watu waliofanya kazi hiyo ya ukaguzi baadaye aliitwa George E. Davis. Mkaguzi ana bahati moja ambayo fundi wa kiwanda kimoja hana: anaingia viwanda vingi. Davis akaona kwamba watu wa sabuni, watu wa rangi na watu wa magadi, kila mmoja akificha siri zake, kwa kweli walikuwa wakifanya mambo yaleyale. Wanachemsha, wanachuja, wanakausha, wanapoza, wanasukuma viowevu kwenye mabomba. Mwaka 1887 alitoa mihadhara 12 kuhusu jambo hilo mjini Manchester, na mwaka 1901 akachapisha kitabu chake cha mwongozo.

Marekani nao hawakulala. Mwaka 1888 Lewis Mills Norton alianzisha pale MIT kozi ya miaka minne ya uhandisi wa kemikali, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 1891. Mwanzoni ilikuwa mchanganyiko wa uhandisi wa mitambo na kemia ya viwandani. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1915, Arthur D. Little alipopendekeza kwamba mchakato wowote wa kiwandani unaweza kuvunjwavunjwa kuwa mfuatano wa shughuli chache za msingi. Mwaka 1923 Walker, Lewis na McAdams wakatoa kitabu kilichozifundisha shughuli hizo kwa hesabu.

Mwenzangu unayeandika programu, bila shaka umeshatabasamu. Hii ndiyo hadithi ya fanksheni! Badala ya kuandika upya kila kitu kwa kila mteja, unaandika kipande kimoja kinachofanya kazi moja vizuri, kisha unakiita popote unapokihitaji. Wahandisi wa kemikali walifika hapo miongo kadhaa kabla ya kompyuta kama tunayoijua.

Kwani wanasoma nini hasa?

Mpangilio hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini uti wa mgongo ni uleule. Mwanzo ni hesabu, fizikia, kemia, uchoraji wa kihandisi na karakana. Halafu linakuja somo linalowachuja wengi: mizania ya mata na nishati. Kanuni yake ni rahisi kuitamka. Kilichoingia lazima kitoke, au kiwe kimebaki ndani.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Ziwa Magadi lina madini yaitwayo trona. Ukiyapasha moto yanatoa maji na gesi ya kaboni dioksaidi, na kinachobaki ni magadi ya viwandani. Kwa uzito wa molekuli, kilo 1,000 za trona safi zitakupa takriban kilo 704 za magadi, kilo 199 za maji na kilo 97 za gesi. Jumlisha: ni kilo 1,000 kamili. Sasa tuseme umepima kiwandani ukapata magadi kilo 650. Kilo 54 ziko wapi? Labda trona haikuwa safi, labda joto halikutosha na nyingine haijageuka, labda vumbi limepeperuka na hewa ya tanuri. Mizania haikwambii jibu ni lipi, lakini inakukataza kulala kabla hujalipata. Sisi tunaita hivyo kutafuta mdudu kwenye programu.

Baada ya hapo huja thamodinamiki, mtiririko wa viowevu, usafirishaji wa joto, na usafirishaji wa mata, yaani jinsi kitu kinavyohama kutoka kwenye gesi kwenda kwenye maji au kinyume chake. Hapa ndipo ukenekaji unapofundishwa. Mpishi wa chang'aa anajua kwamba pombe huchemka kabla ya maji. Mnara wa kusafishia mafuta unatumia kanuni hiyohiyo, ila unairudia mara nyingi, sahani juu ya sahani, mpaka petroli, mafuta ya taa na dizeli vimetengana. Mwanafunzi lazima aweze kuhesabu zinahitajika sahani ngapi.

Kisha kuna vinu vya mmenyuko: kinu kiwe na ukubwa gani, joto gani, kwa muda gani. Kuna udhibiti wa mitambo, somo ambalo sisi wa programu tungelipenda, kwa sababu ni vihisio vinavyopima, kanuni inayoamua, na vali inayofunguka au kufungwa. Kuna uchumi wa kiwanda. Likizo ndefu wanakwenda viwandani kujifunza kwa mikono.

Na kuna usalama. Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha Flixborough nchini Uingereza kililipuka na kuua watu 28. Kinu kimoja kati ya sita kilikuwa kimeondolewa kwa sababu ya ufa, na mafundi wakaunganisha viwili vya jirani kwa bomba la muda. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, bila mtu wa kuhesabu bomba hilo lingebeba nguvu kiasi gani. Ajali kama hiyo, na ile ya Bhopal nchini India mwaka 1984, ndizo zilizofanya usalama uwe somo lenye nafasi yake kamili. Programu yangu ikianguka saa nane za usiku naiwasha upya. Wenzetu hawana kitufe hicho.

Mwisho wa yote ni mradi wa usanifu. Wanafunzi wanapewa bidhaa na kiasi, kwa mfano tani fulani kwa siku, nao wanaunda kiwanda kizima kwenye karatasi: mizania, mitambo, mabomba, gharama, hatari. Hilo ndilo lengo la shahada. Anayetoka pale awe na uwezo wa kubuni mchakato ambao haujakuwepo. Kuendesha mtambo uliojengwa na mwingine ni kazi ya heshima, lakini hiyo unaweza kufundishwa papo hapo kiwandani.

Turudi nyumbani

Shika tofauti hiyo kati ya kubuni na kuendesha, kisha tazama historia yetu.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ya kwenda ziwani ikachepuka kutoka reli kuu pale Konza, ndiyo hiyo Konza ambako leo tunaambiwa ni jiji la teknolojia. Saruji ya Bamburi ilianza kutengenezwa mwaka 1954. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa na Shell na BP, kilianza kazi mwaka 1963. Pan Paper ya Webuye ilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974. Magadi, saruji, mafuta, karatasi: vyote ni uhandisi wa kemikali mtupu.

Na shahada? Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, hapa katikati ya mji, mahali ilipo leo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Katika mgawanyo wa kazi, Makerere ilijulikana kwa udaktari, Dar es Salaam kwa sheria, na uhandisi ukawa Nairobi kwa niaba ya nchi zote tatu. Lakini uhandisi huo ulikuwa wa ujenzi, umeme na mitambo. Wa kemikali haukuwemo.

Mimi naliona hivi: serikali ilihitaji barabara, madaraja na nyaya za umeme, na yenyewe ndiye aliyekuwa mwajiri mkubwa. Kiwanda cha kemikali kilikuja kikiwa kimekamilika, na michoro yake, na mara nyingi na wahandisi wake. Mwenyeji alihitajika kufungua na kufunga vali.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika mwaka 1970. Tanzania ikafungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na katika muongo huohuo Dar es Salaam ikawa na idara ya uhandisi wa kemikali na michakato. Kwetu ilibidi kusubiri chuo kikuu cha pili. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay, raia wa Kanada, ilipendekeza mwaka 1981 chuo chenye mwelekeo wa teknolojia, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret. Huko ndiko uhandisi wa kemikali na michakato ulikopata idara. Leo unafundishwa pia kwingineko, kama Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, na Technical University of Kenya hapahapa mjini.

Basi ndiyo tumepata wahandisi, na tazama kilichofuata. Pan Paper ilisimama mwaka 2009. Changamwe iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na matangi yake yakabaki ghala. Mzazi ana haki ya kuuliza kiwanda kiko wapi.

Jibu langu kwa mzazi

Kama shahada ingekuwa inafundisha kusafisha mafuta, ingekufa pamoja na Changamwe mwaka 2013. Lakini kumbuka alichokiona Davis. Inafundisha shughuli zilizo chini ya viwanda vyote: maziwa, sukari, bia, dawa, rangi, maji safi, maji machafu. Kiwanda kikifungwa, mizania haifungwi.

Na si lazima kwenda mbali. Vichinjio vya Dagoretti vinailisha Nairobi nyama, na uchafu wake, yaani damu, mavi na yaliyomo matumboni, kwa miaka umekuwa ukiishia kwenye vijito vinavyoingia Mto Nairobi. Katika kichinjio cha Nyongara ulijengwa mtambo wa biogesi wa majaribio, kwa kushirikiana na UNIDO na taasisi yetu ya utafiti wa viwanda, KIRDI. Bakteria wasiohitaji hewa wanakula uchafu na kutoa methani, ambayo inawaka.

Mtambo wa namna hiyo ni mtihani wa mwaka wa tano uliofika mtaani. Tuseme kichinjio kinatoa meta za ujazo 10 za uchafu kwa siku, na bakteria wanahitaji siku 30 kuumaliza. Tangi lako litakuwa meta za ujazo 300. Lakini Dagoretti asubuhi kuna baridi, na bakteria hawa hupenda joto la karibu nyuzi 35, kwa hiyo sehemu ya gesi uichome kulipasha tangi lenyewe. Ni sehemu gani? Mizania ya nishati itakwambia. Na siku ya sikukuu ng'ombe wakiwa mara mbili? Hakuna kampuni ya kigeni itakayokuja na mchoro wa tangi la Dagoretti, kwa sababu ng'ombe ni wetu, baridi ni yetu na mto ni wetu. Safari hii anayehitajika ni mbunifu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, namwambia asichague kozi hii kwa kuhesabu mabomba ya moshi yaliyosimama. Achague kama anapenda swali la kilichoingia na kilichotoka. Akitaka kujipima kabla ya kujaza fomu, kuna programu huria iitwayo DWSIM ya kuigiza mitambo ya kemikali kwenye kompyuta ya kawaida. Aipakue, achanganye maji na ethanoli, ajaribu kuvitenganisha. Akijikuta usiku wa manane bado anahesabu sahani, tayari amejijibu.