Namna Kasongo ilivyowafundisha walimu

Mwalimu atajua kwa njia gani kama mafundisho yake yanafaa? Mara nyingi tunawauliza wanafunzi mwisho wa mwaka. Ni vema, lakini haitoshi, sababu mwanafunzi hajafika bado kazini. Historia ya Kasongo yatuonyesha njia nyingine.

Mule Antwerpen, Ubelgiji, katika Chuo cha dawa za inchi za joto, walimu kama Pierre Mercenier na Harrie Van Balen walifundisha wanganga ginsi ya kutunza afya ya watu wote. Hawakupenda kufundisha maneno ya vitabu tu. Basi mwaka 1971 kazi ikaanza Kasongo, ili mafundisho yapimwe kwa kazi yenyewe. Wakapanga vituo vya afya, kila kimoja kwa watu kama 10.000, pamoja na infirmie wake. Hospitali ikapokea wagonjwa walioshinda nguvu za kituo. Yale waliyoyaona vijijini yakarudi katika masomo ya Antwerpen.

Neno gumu lilitokea juu ya surua. Watoto walichanjwa, nao wakubwa wa kazi hawakusema tu: «Tumechanja wengi.» Walihesabu waliokufa na waliopona. Mwaka 1981, katika gazeti The Lancet, wakaandika kwamba waliochanjwa walipona zaidi mwanzoni, lakini faida ile ilipungua baadaye; labda watoto dhaifu waliokolewa na surua, kisha wakauawa na magonjwa mengine. Wengine wakabisha. Peter Aaby na wenzake, kule Guinea-Bissau, wakaonyesha kwamba chanjo yaokoa watoto wengi sana, na leo hakuna mashaka juu yake. Lakini kama watu wa Kasongo wangalificha hesabu zao, nani angaliweza kuzisahihisha? Kwa hiyo jibu nalo lapaswa kupimwa, sawa na kazi yenyewe.

Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya 306, na mambo yaliyojaribiwa Kasongo yalisaidia kuzipanga. Leo Kabambare nayo ina zone yake.

Na sisi je? Mkatekumeni ajibu maulizo yote mbele ya padri, twafurahi. Lakini tumfuate nyumbani mwaka mmoja baada ya ubatizo: anasali namna gani, anaishi namna gani na mke wake, anafanya nini wakati wa kilio? Tuwaulize jirani zake na mkatekista wa kijiji, tuandike majibu yao bila kuyapamba, kisha tuyalete mezani tunapopanga masomo ya mwaka ujao.