Magadi, Mchanga na Pumzi

Kwetu Tarime magadi ni ya kulainishia maharage. Msomaji, magadi hayohayo ndiyo yaliyowapa Warumi kioo.

Mchanga peke yake ni mbishi, hauyeyuki kirahisi. Mafundi wa enzi ya Warumi waliuchanganya na magadi kutoka Misri, na chokaa iliyokuwemo mchangani, mpaka ukawa uji wa moto. Karibu mwaka 50 kabla ya Kristo, kule pwani ya Siria na Palestina, wakagundua kwamba uji huo ukichotwa kwa bomba unapulizika kama puto. Hapo glasi, iliyokuwa mali ya wakubwa, ikafika mezani kwa mlalahoi. Hata vipande havikutupwa: mshairi Martial anamtaja mchuuzi wa Roma aliyebadilisha vijiti vya kiberiti kwa vioo vilivyovunjika. Biashara ya chakavu haikuanza jana, bwana!

Na sisi? Kitabu cha Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vitu vya kioo kati ya bidhaa zilizoletwa Rhapta, soko la pwani yetu. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa delta ya Rufiji. Karne ya 19 shanga zilitoka Venice, zikapita Unguja, zikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Wanunuzi tu, miaka yote hiyo.

Asiniambie mtu eti Mwafrika hakuweza. Ile-Ife, Nigeria, walipika kioo kwa mapishi yao wenyewe karibu miaka 1,000 iliyopita. Na magadi tunayo: Ziwa Natron liko mashariki ya Serengeti, ng'ambo ya Loliondo. Jina lenyewe ni magadi! Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa kuna wanaopuliza. Kitengela, jirani na Nairobi, Anselm Croze na mafundi wake hutumia kioo chakavu. Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, huwaajiri watu wenye ulemavu, nao huyeyusha chupa zilizotupwa. Bomba ni lilelile la Mrumi. Fundi hulizungusha bila kusita, maana akisita tu kioo kinaning'inia upande mmoja. Kikishaumbwa kinapozwa polepole kwenye tanuri, la sivyo kinapasuka.

Mugumu hadi Arusha kuna basi, linakatiza mbugani. Chupa za bia hurudi kiwandani. Za mvinyo hubaki nyuma ya baa, na sijaona anayezipakia.