Mafuta ya Risasi na Maasi ya Bara Hindi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Waislamu, tarehe ya mataifa ni kioo kwa mwenye kutaka kujitazama. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya jumuiya yetu nimependa kueleza habari ya mafuta kidogo yaliyopakwa risasi, yakawasha moto katika nchi kubwa.

Bara Hindi zama zile ilikuwa chini ya Kampuni ya East India ya Waingereza, na askari wake wengi walikuwa wenyeji, Wahindu na Waislamu. Waingereza wakatoa bunduki mpya iitwayo Enfield, ya mwaka 1853, yenye mifuo ndani ya mtutu. Risasi yake iliingizwa kwa mdomo wa mtutu, na bila mafuta ilikuwa taabu kuishusha, kwa kuwa masizi ya baruti huganda ndani. Basi baruti na risasi vilifungwa pamoja katika karatasi, ndicho kiasi cha bunduki, na upande wa risasi ukachovywa katika shahamu na nta. Askari alifundishwa kung'ata karatasi kwa meno, kumimina baruti, kisha kushindilia risasi kwa mdeki.

Viasi hivyo vilipopelekwa Bara Hindi mwaka 1853 vijaribiwe katika joto la nchi ile, Kanali Henry Tucker aliwaonya wakubwa kwamba wenyeji wasigawiwe mpaka ihakikishwe kuwa mafuta yake hayavunji dini zao. Onyo lake halikufuatwa. Na viasi vilipoanza kutengenezwa huko huko, shahamu ilinunuliwa pasipo kuulizwa ni ya mnyama gani.

Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, habari ikaenea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Ng'ombe ni mtukufu kwa Mhindu. Nguruwe kwa Mwislamu ni haramu na najisi. Mwezi ule ule serikali ikaamuru askari wapake mafuta wayatakayo wenyewe. Shaka ikahamia kwenye karatasi, kwa kuwa ilikuwa ikimetameta. Ikaruhusiwa karatasi ipasuliwe kwa mkono, shaka haikuondoka.

Tarehe 24 Aprili, mjini Meerut, kanali mmoja aliwaamuru askari 90 wa farasi wapokee viasi. Watu 85 wakakataa, Waislamu na Wahindu pamoja. Nao viasi vya siku ile vilikuwa vya namna ya zamani waliyoizoea! Tarehe 9 Mei wakatiwa pingu mbele ya wenzao, wengi wakiwa wamehukumiwa kifungo cha miaka kumi. Kesho yake, katika mwezi wa Ramadhani, wenzao wakaasi, wakawafungua, wakaenda Delhi kwa mfalme mzee Bahadur Shah Zafar.

Sababu nyingine zilikuwapo, kama kutwaliwa kwa ufalme wa Awadh mwaka 1856. Mafuta yalikuwa cheche juu ya makuti makavu. Damu ya wasio na hatia, hata wanawake na watoto, ilimwagika pande zote mbili. Delhi ilianguka Septemba 1857. Mfalme akahamishwa Rangoon, akafa huko mwaka 1862. Kampuni nayo ikanyang'anywa utawala mwaka 1858, na Malkia Victoria akaahidi kutoingilia dini za watu.

Ndugu zangu, tuzingatie. Nta na samli zilikuwa tele Bara Hindi. Kuuliza swali moja mwaka 1853 kusingegharimu kitu. Lakini imani ilipokwisha kuvunjika, hata neno la kweli halikusadikiwa, na kiasi kisicho na dosari kilionekana najisi. Basi aliyepewa uongozi wa msikiti, madrasa au mfuko wa jumuiya na asikilize onyo linapotolewa kwa upole, wala asidharau jambo kwa udogo wake. Nasi tunaoongozwa tukumbuke Suratul Hujurat, ituamuruyo kuihakikisha habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Imani ya watu ni amana, na mwenye kuipoteza hainunui tena kwa amri wala kwa pingu.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo zetu. Amin.