Nguruwe wa Koobi Fora

Mwaka 1972, huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu lililokuja kupewa namba 1470. Vilitoka chini ya majivu ya volkano ambayo maabara ilikuwa imeyapa miaka milioni 2.6. Basi, ukoo wetu ukazeeka ghafla.

Waliokataa ni nguruwe. Basil Cooke alikuwa akichunguza meno ya nguruwe wa kale, mnyama aliyeenea mbali na kubadilika upesi: gego la mwisho lilizidi kurefuka kizazi kwa kizazi. Meno ya chini ya majivu yale yalifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka ya takriban miaka milioni 2 tu. Wakabishana miaka. Majivu yalipopimwa upya, kumbe ni karibu milioni 1.9! Mimi hufurahi kila nikikumbuka.

Sisi huku Kakamega hatuna nguruwe wa kututetea. Mawe yetu, yaleyale yaliyovuta wasaka dhahabu miaka ya 1930, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, mnyama hakuwepo. Utotoni niliyapasua mtoni nikitafuta kisukuku cha samaki. Wapi!

Wanajiolojia walishika kokoto. Ndani ya mawe wanayoyaita ya Kavirondo mna kokoto za lava ya Nyanza, kwa hiyo lava ilitangulia. Umri wenyewe umepimwa kwa mashine, na safari hii hakuna nguruwe wa kuikagua.