Omumenya

Kwa Lubukusu, mpangaji ni omumenya. Zamani neno hilo lilikuwa la mgeni anayekuja kukaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Alipokelewa, akapewa pa kulima. Hakuna aliyemwuliza depositi. Watu waliishi ndani ya ngome za udongo, kama Lumboka, si mbali na hapa Chwele, hadi Waingereza walipoivamia 1895.

Mimi omumenya wangu lazima alipe. Nyumba ya kukhu iko tupu tangu tumzike, na mdogo wangu anadaiwa karo. Nimeingiza stima, nikapaka rangi, nikaweka kitanda. Sakafu aliyokuwa akiisiriba kwa samadi kila Ijumaa nimeimwagia simiti.

Jana nesi mmoja alikuja kuiona. Akauliza, "Nani alikuwa anakaa hapa?"